Mjadala wa Chiola juu ya Malimwengu Mengine

Katikati ya mwezi wa Novemba, yapata saa tatu ya usiku, mtu asimamaye Chiola mahali pasipofikiwa na taa za madukani, nao mwezi haujachomoza, huweza kuyaona mawingu mawili yasiyo ya mvua. La kwanza liko kaskazini, dogo na hafifu, na jicho huliona vyema zaidi likilitazama kwa pembeni kuliko likilikazia; la pili liko kusini, pana zaidi, chini kidogo kuliko mwenzake. La kaskazini ndilo Andromeda, ambalo Abdurrahman al-Sufi, mwanafalaki wa Uajemi, alilitia kitabuni mwaka 964 kwa sifa ya wingu dogo. La kusini ni lile dogo katika Mawingu mawili ya Magellan. Na kwa kuwa nchi hii ya Nachingwea na Ruangwa iko kama digrii 10 kusini mwa ikweta, mawingu hayo hufikia kimo chake cha juu karibu kwa wakati mmoja, moja likiwa juu ya kibla, jingine nyuma ya mgongo wa mwenye kusali.

Siyataji kwa pambo. Yalipata kuitwa mashahidi katika shauri lililofanana mno na hili nililolikusudia. Mwezi wa Aprili 1920, mjini Washington, wanafalaki wawili wa Marekani, Harlow Shapley na Heber Curtis, walisimama mbele ya wenzao kuhojiana kama kundi la nyota tulimo sisi, ambalo utepe wake hukata mbingu ya usiku, ndilo ulimwengu wote, au kama mawingu ya namna ya Andromeda ni makundi mengine yaliyo mbali, kila moja na nyota zake zisizo na hesabu. Shapley alishika la kwanza, Curtis la pili, wakaachana pasipo mshindi. Ufunguo ulikuwa umekwisha kupatikana kusini, wala hakuna kati yao aliyeutia mlangoni siku ile: Henrietta Leavitt, mwanamke aliyekuwa akikagua picha za vioo huko Harvard, alionyesha mwaka 1912, kwa nyota za lile wingu dogo, kuwa ziko nyota ambazo nuru yake hupwa na kujaa kwa muda maalumu, na kwamba kadiri muda huo unavyokuwa mrefu ndivyo nyota inavyozidi nuru kwa asili yake, na Edwin Hubble alipoipata nyota ya jinsi hiyo ndani ya Andromeda mwaka 1923, aliweza kupima umbali, na ulipoingia mwaka 1925 shauri lilikuwa limekwisha. Kilichokuwa kikiitwa ulimwengu kikawa kimoja katika vingi.

Swali la siku hizi ni lile lile lililopanda daraja, yaani kama ulimwengu wenyewe, pamoja na makundi yake yote ya nyota, nao ni mmoja katika mengi. Ili kulihoji nimewaketisha watu wanne kwenye baraza ya ghala la chama cha msingi, korosho zikiwa zimekwisha kupimwa na kungoja mnada, kwa kuwa sijui mahali hapa Chiola ambapo watu hukaa pamoja muda mrefu zaidi bila ya kuwa na la kufanya. Sikuwapa majina, maana ni sauti zangu mwenyewe nilizozigawa: yuko Mwalimu wa fizikia wa sekondari, yuko Maalimu wa chuo cha Kurani, yuko Karani wa mizani, na yuko Bibi, mkulima wa ufuta na korosho, aliyekuja kuulizia malipo yake.

MWALIMU: Jamaa, chini ya jina hili moja hutiwa mambo mbalimbali, nami sipendi nihojiwe kwa lisilo langu. Liko jambo ambalo sidhani kama yupo wa kulikataa: ulimwengu tuujuao una umri wa miaka bilioni 13.8, nuru ina mwendo wake maalumu, kwa hiyo tunachoweza kukiona kina mpaka, wala hapana sababu ya kudhani kuwa vitu vinakoma pale macho yetu yanapokoma. Hayo si malimwengu mengi. Ni mmoja ulio mkubwa kuliko upeo wetu. Jambo zito ni jingine. Mwaka 1981 Alan Guth wa Marekani alitoa rai kuwa hapo mwanzo kabisa, katika sehemu ya sekunde isiyofikirika kwa udogo, anga lilitanuka kwa kasi isiyo na kifani, na kwa rai hiyo akaeleza kwa nini tukitazama huku na kule tunakuta ulimwengu umelingana. Kisha Alexander Vilenkin na Andrei Linde, katika miaka ile ile ya themanini, wakaonyesha kuwa kutanuka huko kukisha kuanza ni vigumu kukoma kila mahali kwa pamoja. Hapa kunakoma, pakazaliwa ulimwengu kama huu wetu. Kule kunaendelea, na kuendelea kwake kunazaa mwingine na mwingine pasipo ukomo. Mimi sikuyaalika malimwengu hayo. Yamekuja yenyewe nyuma ya nadharia niliyoikubali kwa sababu nyingine.

KARANI: Na yale ninayoyasikia, kwamba kila nikipima gunia kuna mimi mwingine aliyelipima akapata kilo nyingine?

MWALIMU: Hayo ni ya Hugh Everett, katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1957 huko Princeton. Kanuni za chembe ndogo kabisa husema chembe huweza kuwa katika hali mbili kwa pamoja, na sisi tukiipima tunakuta moja tu. Everett akauliza ni kwa idhini ya nani ile ya pili hufutwa, akajibu kuwa haifutwi, zote mbili huendelea, kila moja na mpimaji wake. Huo ni mlango mbali, Karani, na mwenye kuuingia haendi pale waendako Guth na Linde.

MAALIMU: Mwalimu, umeieleza habari hii kana kwamba imezaliwa juzi. Chuoni petu, mtoto akianza kusomeshwa akida, huhifadhi kwanza kuwa hukumu za akili ni tatu: wajibu, ambalo akili haikubali kutokuwepo kwake, muhali, ambalo haikubali kuwepo kwake, na jaizi, ambalo hulikubali likiwepo na hulikubali lisipokuwepo. Malimwengu mengine ni jaizi. Imamu Fakhruddin ar-Razi, aliyefariki mwaka 1210, alilisema wazi dhidi ya wafuasi wa Aristotle walioshikilia kuwa ulimwengu hauwezi kuwa ila mmoja. Yeye aliona kuwa hoja zao ni dhaifu, na kuwa Mwenyezi Mungu ni Muweza wa kuumba maelfu kwa maelfu ya malimwengu nje ya huu, kila mmoja mkubwa kuliko huu. Wenzetu wa kanisa la Ulaya nao walifika hapo karne ile ile, maana mwaka 1277 askofu wa Paris, Étienne Tempier, alipiga marufuku kufundisha kuwa Mungu hawezi kuumba malimwengu mengi. Lakini angalia vyema: Razi hakusema yapo. Alisema hakuna burhani ya kuyakanusha. Kutoka jaizi hadi lililotokea ni safari, na safari haiendwi kwa kutamani kufika.

MWALIMU: Sitamani, Maalimu. Nasukumwa.

MAALIMU: Unasukumwa na nini?

MWALIMU: Na tarakimu. Mwaka 1998 vikosi viwili vya wanafalaki, wakipima nuru ya nyota zilizolipuka mbali sana, waligundua kuwa kutanuka kwa ulimwengu kunaongeza kasi, na wakuu wao wakatunzwa Nobeli mwaka 2011. Maana yake ya karibu ni kuwa anga tupu lina nguvu yake, kidogo mno lakini si sifuri. Sasa sisi wa fizikia tukijaribu kukadiria nguvu hiyo kwa kanuni tulizo nazo tunapata kiasi kinachozidi kile kilichopimwa kwa mara ambazo huandikwa kwa moja na sifuri 120 nyuma yake. Aibu ya hesabu haijapata kuwa kubwa hivyo. Naye Steven Weinberg, mwaka 1987, yaani miaka 11 kabla ya ugunduzi, alikuwa amekwisha kusema hivi: nguvu hiyo ikizidi kiasi fulani, nyota na makundi yake hayawezi kushikamana, na pasipo nyota hapana wa kuuliza, basi ikiwa yako malimwengu mengi, kila mmoja na kiasi chake, sisi hatuna budi kujikuta katika mmoja wa yale yenye kiasi kidogo, wala hapana ulazima kiwe sifuri. Ikapimwa, ikaonekana hivyo. Na walipokuja Raphael Bousso na Joseph Polchinski mwaka 2000, wakaonyesha kuwa nadharia ya nyuzi huruhusu namna nyingi kupita kiasi za ulimwengu, na hesabu inayotajwa mara nyingi ni moja na sifuri 500. Je, hamwoni kuwa kufuli na ufunguo vimekutana?

MAALIMU: Naona umemkimbia Razi ukamwangukia Ghazali. Imamu al-Ghazali, katika Ihya, alisema kuwa hapakuwezekana kuumbwa kitu kizuri na kikamilifu zaidi kuliko hiki kilichopo, na maulama wakagombana karne nyingi kwa neno hilo, wengine wakidai kuwa amemwekea Mola mpaka katika uweza Wake. Wewe unastaajabia usawa ule ule alioustaajabia Ghazali, lakini badala ya kuusalimisha kwa hikima ya Muumba, unauundia malimwengu yasiyo na idadi, mengi yake yakiwa maharibifu, ili huu mmoja usiwe ajabu. Ni ghali mno, Mwalimu.

MWALIMU: Ghali kwa kipimo gani? Mwaka 1596 Johannes Kepler, mtu wa akili nyingi, aliandika kitabu kizima akitafuta sababu ya sayari kuwa sita, wala zisizidi, na umbali wao kuwa ule, akaipata katika maumbo matano ya jiometria. Lilikuwa jengo zuri ajabu. Leo tunajua kuwa sayari si sita, na umbali wa dunia na jua hauna siri yoyote: jua ni nyota moja katika nyingi, nyingi zina sayari, na sisi tumezaliwa kwenye ile yenye maji ya kimiminiko kwa kuwa kwingine tusingezaliwa. Nasi huenda tunarudia kosa la Kepler kila tunapoidai kila tarakimu itoe sababu yake.

Hapa sina budi kuingia, maana hoja ya Kepler ndiyo yenye nguvu kuliko zote walizo nazo wapenzi wa malimwengu mengi, na wapinzani huipita mbio. Nguvu yake yote hutokana na jambo moja, kwamba nyota nyingine na sayari zake zimeonekana; tangu mwaka 1995, ilipothibitishwa sayari inayoizunguka nyota ya namna ya jua letu, zimehesabiwa kwa maelfu. Mwalimu ameazima nguvu ya vilivyoonekana akaitumia kwa visivyoonekana. Karani, ambaye riziki yake ni kutazama kidogo na kuhukumu kingi, hakuweza kulinyamazia hilo.

KARANI: Mnaliona bambo lile lililotundikwa ukutani tangu msimu wa ufuta? Ni mrija wa chuma wenye ncha, uliopasuliwa ubavu mmoja. Nalichoma gunia kwa chini kidogo, naligeuza, ufuta unateremka kiganjani mwangu, nautazama rangi, naupepeta kwa pumzi, nauona mchanga kama upo. Sichomi gunia moja. Nachoma la juu, la kati na la chini kabisa, maana wako watu, siwataji, wanaojua kuweka safi juu. Ndipo nasema: mzigo huu ni wa daraja fulani. Wewe Mwalimu una gunia moja, na umo ndani yake. Utasemaje habari za mzigo?

BIBI: Mwanangu, wewe nawe umezidi. Mtu akiwa na gunia moja hakatazwi kuwaza. Ufuta nikiupata umechanganyika na punje za mtama, najua kuwa aliyefunga alikuwa na mtama nyumbani, ingawa nyumba yake sijafika. Mimi shaka yangu iko kwingine. Mwalimu, umesema kutanuka huko hakukomi, na malimwengu hayana idadi.

MWALIMU: Ndiyo, Bibi.

BIBI: Na yale yenye nguvu ndogo, kama huu wetu, hayana idadi?

MWALIMU: Hayana.

BIBI: Na yale yenye nguvu kubwa, yasiyo na nyota?

MWALIMU: Nayo hayana idadi.

BIBI: Basi unaposema mengi ni ya namna hii na machache ni ya namna ile, unagawanya nini kwa nini? Karani akiniambia magunia matatu katika kumi ni mabovu, namwelewa, na nikitaka nitagombana naye. Akiniambia mabovu hayana mwisho na mazima hayana mwisho, halafu anikate bei kwa kuwa mabovu ndiyo mengi, nitamwita mwenyekiti.

MWALIMU: Bibi amegusa donda lenyewe. Pasipo kipimo cha kulinganisha vile visivyo na mwisho, hakuna uwezekano wa kusema lipi ni la kawaida na lipi ni la nadra, na vipimo vilivyopendekezwa ni vingi, kila kimoja hutoa jibu lake, vingine vikitoa majibu ya kichekesho. Paul Steinhardt, aliyekuwa mmoja wa waasisi wa nadharia hii ya kutanuka, aliipa kisogo kwa sababu hii hasa: nadharia isemayo kuwa kila liwezekanalo hutokea, tena mara zisizo na hesabu, haijatabiri kitu.

Naona kuwa Bibi ndiye aliyeipata hoja, na naona pia kuwa watu wa Nachingwea wana haki ya pekee ya kuihoji nadharia hii. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa ukitazama nchi kutoka katika ndege, ukarudi London na hesabu ya mashamba ya karanga ya zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa yake Tanganyika, zikiwemo Kongwa, Urambo na hapa kusini. Na kufikia mwaka 1951 mradi ulivunjwa, kiasi cha pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Hesabu zile hazikuwa na kosa la kujumlisha. Kosa lilikuwa kudhani kuwa kidogo kilichotazamwa kinawakilisha kingi kisichotazamwa, na hiyo ndiyo dhana ambayo kila msemaji wa malimwengu mengi hulazimika kuiingiza mahali fulani, awe ameisema au ameificha.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema kuwa kisichoonekana si ilimu. Huko Tendaguru, katika mkoa huu huu wa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, mamia ya watu wa nchi hii, chini ya usimamizi wa Boheti bin Amrani na wenzake, waliwachimbulia Wajerumani mifupa ya wanyama ambao hakuna mwanadamu aliyewaona, wakaichukua kichwani hadi bandari ya Lindi. Na mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin, kimo chake kikizidi mita 13. Waliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita, na hakuna mwenye akili anayedai kuwa ni dhana tupu. Mfupa unatosha. Kwa hiyo swali la haki la kumwuliza Mwalimu ni kama malimwengu mengine yameacha mfupa kwetu.

Wako waliotafuta. Hiranya Peiris wa London na wenzake, mwaka 2011, waliipekua ramani ya nuru ya kale kabisa, iliyobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, wakitafuta alama za duara, kama ambazo zingebaki iwapo ulimwengu wetu ulipata kugongana na jirani yake utotoni, wasipate la kutosheleza. Mwezi wa Machi 2014 watafiti wa darubini ya BICEP2, iliyoko Ncha ya Kusini, walitangaza kuwa wameiona athari ya kule kutanuka kwa mwanzo, na magazeti ya dunia yakashangilia. Mwanzoni mwa 2015, vipimo vya satelaiti ya Planck vilipoletwa pembeni ya vyao, ikadhihirika kuwa walichokiona kinaweza kuelezwa na vumbi la kundi letu wenyewe la nyota. Mimi sioni fedheha katika hilo. Watu waliopima vibaya wakasahihishwa na waliopima vyema wamo bado katika ilimu, na wamo zaidi kuliko wale wasiopima kabisa. Nawaheshimu pungufu wale wanaosema kuwa nadharia ikiwa nzuri ya kutosha isidaiwe dalili, na mwaka 2014 wanafalaki George Ellis wa Afrika Kusini na Joseph Silk waliwajibu kwa ukali unaostahili, wakionya kuwa mlango huo ukifunguliwa hapatakuwa na njia ya kumzuia anayefuata.

KARANI: Mwalimu, nieleze jambo moja tu, na hapo mnada ukiitwa tutaondoka. Ni kitu gani kikionekana kesho utasema, nimeacha?

MWALIMU: Kipo, na aliyekitaja ni Guth mwenyewe pamoja na Yasunori Nomura, mwaka 2012. Ukichora angani pembetatu kubwa kuliko zote zinazowezekana, pembe zake zikijumlishwa hutoa digrii 180 ikiwa anga limenyooka, hupungua likipinda kwa namna moja, na huzidi likipinda kwa namna ya pili. Ulimwengu uliozaliwa kwa njia ninayoitetea haukubali zile pembe kuzidi, isipokuwa kwa kiasi kidogo kuliko sehemu moja katika elfu kumi. Planck, katika matokeo yake ya mwaka 2018 yakiunganishwa na vipimo vingine, imelikuta anga limenyooka kwa kadiri ya sehemu chache katika elfu. Darubini zijazo zikishuka hadi elfu kumi zikakuta pembe zimezidi, nitaufuta ubao.

MAALIMU: Na zikipungua?

MWALIMU: Zikipungua nitafurahi, lakini sitasema nimethibitisha.

MAALIMU: Hapo tumepatana. Na yule wa Princeton, mwenye Karani wawili?

MWALIMU: Huyo hagusiki kwa pembetatu. Yeye atafutwa siku ambayo jaribio litaonyesha kuwa vitu vikisha kuwa vikubwa kiasi fulani hukataa kwa asili yake kuwa katika hali mbili, na wanaolijaribu huendelea kuvikuza vitu hivyo maabara, wala mpaka huo hawajauona.

BIBI: Basi ubao mmoja mnaungoja pembetatu, wa pili mnaungoja mizani. Karani, na malipo yangu yanangoja nini?